Kiti ya mama wa maharagi

Wewe musomaji, ulishakula mboga nzito ya nyama na pilipili yenye haina hata punje moja ya maharagi? Mimi, licencié mwenye kumaliza université lakini bila kazi, niliikula juzi mu malewa moja, kahoteli ka chakula, ya Beni. Mama mupishi aliponda viazi ndani mpaka ikashika kijiko. Lakini sahani ya kwanza aliiweka mbele ya kiti yenye haina mutu.

Askari mumoja akataka kukaa pale.

“Hapana, chef. Ni ya mama wa Oicha, mwenye kutuletea maharagi.”

“Anarudia lini?”

“Alienda kuvuna mu shamba, kule waasi banatekaka batu. Sasa miezi mbili.”

Askari akavua kofia, akakula amesimama. Hapakuwa upepo, lakini moshi ya ile sahani ilikuwa inainama, kama mutu anaipulizia.

Bakubwa wa usalama, benye mikutano, réunion juu ya réunion, haziishaka: mumutafute ule mama leo, ao mukuje mukae mu ile kiti.