Murugi Alipobaki na Mnong'ono

Kwa miaka mingi, palipokuwa na mgonjwa au matanga pale Kiganjo, aliitwa Murugi aje kuomba. Alikuwa fundi wa kushona, mjane, na sauti yake ya maombi ilisikika mpaka barabarani.

Kisha akaota uvimbe shingoni. Madaktari waliutoa, haukuwa saratani, lakini sauti haikurudi. Ulibaki mnong'ono wa kukwaruza. Nyumbani alipiga magoti, akafungua kinywa, akajikuta hana la kusema. Hapo akaingiwa na hofu. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akisikiliza sauti yake mwenyewe.

Sista Nduta, mtawa mzee aliyemletea nguo za altare azishone, alimkuta akilia penye cherehani.

"Siwezi kuomba, Sista. Sina sauti."

"Kwani Mungu ni kiziwi? Kaa na yeye tu. Mwite kwa roho, halafu unyamaze. Mawazo yakikupeleka mbali, unarudi."

Akajaribu kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Aliwaza vitambaa, aliwaza magoti yanayomuuma, mara akasinzia. Alikaribia kuacha. Ndipo siku moja akamkumbuka marehemu mumewe, Wahome. Wahome alipokuwa akifa, Murugi aliomba kwa nguvu mpaka watu wakamsifu, lakini hasira aliyokuwa nayo hakuwahi kumwambia Mungu.

Asubuhi hiyo hakumwita Mfalme wala Bwana wa Majeshi. "Wewe," alisema moyoni, "ulikuwa wapi?"

Hakujibiwa. Ila alihisi anatazamwa, kama mtu anavyotazamwa na anayempenda na asiye na haraka ya kuondoka. Akalia sana. Alipopangusa uso, hasira ilikuwa bado ipo, lakini hakuwa nayo peke yake.

Mzee Gicheru, jirani yake, alipozidiwa, mkewe Nyawira alikuja kumwita.

"Lakini sauti yangu iliisha, Nyawira."

"Najua. Njoo tu."

Murugi aliketi kando ya kitanda, akaushika mkono wa mzee. Walioingia walingoja maombi, wakachoka, wakatoka mmoja mmoja. Baadaye Gicheru alifumbua macho.

"Murugi, unaomba ama umenyamaza tu?"

Aliinama hadi sikioni mwake. "Niko na yeye hapa."

"Basi endelea," mzee alisema, akafumba macho tena.

Hakuamka. Murugi aliendelea kuketi naye mpaka mkono ulipopoa, ndipo akainuka kumwita Nyawira.