Nilimwambia Ayeyushe Siagi

Admin, jina langu liache huko kwako, na mji wetu wa Kenya usiutaje maana watu wa kwetu wamo humu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja. Huu ni mwaka wa nne nafanya kazi za ndani katika nyumba moja hapa Mirdif, Dubai, na kwa miaka yote hiyo sijamwona mwanangu, analelewa na mama. Kabla hamjanitukana, nisomeni hadi mwisho.

Mabosi wangu ni Wazungu. Kwao mwezi wa kumi ni majira ya majani kuanguka, kwa hiyo madam ana kawaida yake. Nje jua linachoma mpaka kandambili zinalainika, yeye anashusha AC tunatetemeka, anavaa sweta, anabandika majani ya karatasi ukutani, halafu ananiagiza nioke matofaa. Ni kitu rahisi. Unayamenya, unayakata, unachanganya na sukari, mdalasini na limau, unayalaza kwenye bakuli la oveni. Juu unafunika kwa unga uliousugua na siagi baridi kwa ncha za vidole mpaka uwe chengachenga. Madam mwenyewe ndiye alinifundisha, na siku hizi huwaambia wageni kwamba nimemshinda. Sifa hiyo nimeishikilia sana, sifichi.

Mwezi uliopita wakamleta mama mmoja wa Uganda, miaka arobaini na tatu, nitamwita Mama Brenda. Madam akaniambia, "Atakusaidia. Mfundishe kila kitu." Kila kitu! Nyumba ya watu wanne, msaada wa nini? Visa yangu ilikuwa imebakiza wiki chache na hakuna aliyenitajia habari za mpya. Nikaanza kuunganisha mambo. Madam na sir wanaongea jikoni, nikiingia wananyamaza. Siku moja sir akaniuliza, hivi hivi tu, kutoka uwanja wa ndege hadi kwetu ni mwendo wa saa ngapi. Mtu anakuuliza hivyo kwa nini? Nikajua nafungishwa virago.

Na huyo Mama Brenda naye nikamshuku. Mpole kupita kiasi. Amenizidi miaka kumi na miwili lakini ananiita dada, anaamka kabla yangu, anauliza kila kitu anachoona nikifanya. Nikasema moyoni, huyu anajua fika kwamba nafasi ni moja.

Juzi Jumatano mama yake madam alikuwa anafika kutoka kwao. Madam akaagiza matofaa ayaoke Mama Brenda, peke yake, "tuone". Asubuhi akanifuata nikikunja nguo.

"Dada, ile siagi munaitia namna gani?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nikamwambia, "Iyeyushe yote, mwaga kwenye unga, kanda vizuri. Na matofaa yatie sukari sasa hivi, yakitoa maji usimwage."

"Asante dada. Mungu akubariki."

Alasiri likatoka bakuli juu gumu kama kigae, chini maji yanacheza. Mama yake madam akagonga kwa kijiko akacheka. Madam hakucheka. Akamwuliza Mama Brenda mbele yangu, "Si ulifundishwa?"

Mama Brenda alilitazama lile bakuli, akanitazama mimi. Akasema, "Nilifundishwa, madam. Ni mimi nimesahau."

Nilipata baridi ambayo si ya AC. Madam akasema khalas, imetosha, bado yuko kwenye kipindi cha majaribio, Jumapili gari la wakala litakuja kumchukua. Kisha akanifuata kwenye sinki akaniambia pole. Eti walimleta ashike nyumba nikienda likizo ya Krismasi kumwona mwanangu, tiketi walitaka iwe sapraizi, na karatasi za visa zilishapelekwa. Sasa itabidi nisubiri mpaka wapate mwingine.

Nililia, na bado nusu yangu haisadiki. Kwa nini anaambiwa mtu habari njema baada ya kuharibika? Lakini usingizi sikosi kwa ajili ya madam. Nakosa kwa ajili ya Mama Brenda. Ana watoto wanne nyumbani na mume alishafariki. Kwa nini alinifunika? Angesema jambo moja tu, mimi ndiye ningekuwa nasubiri gari la Jumapili.

Leo asubuhi amenijia, wala hana hasira. "Dada, niandikie ile ya matofaa kwa karatasi. Nikipata nyumba ingine nisiaibike tena."

Kama hajui, basi ananiamini bado. Kama anajua, karatasi anaitakia nini? Nikiandika ukweli, ni mwandiko wangu mwenyewe, na Jumapili anaweza kumwonyesha madam getini: tazama, hivi ndivyo anavyojua, na mimi aliniambia vingine. Nikiandika uongo, nyumba nyingine itamfukuza kwa mkono wangu. Nimefikiria pia niende kwa madam mwenyewe nikaseme. Lakini madam akijua nilidanganya kuhusu siagi, atajiuliza ni nini kingine nimewahi kumdanganya, na watoto wake ndio mimi nawapikia. Mwanangu ataendelea kunijua kwa simu tu.

Karatasi iko mbele yangu. Nimeshaandika matofaa, limau, sukari, mdalasini. Mama Brenda yuko chumba cha kufulia, anapiga pasi nguo zangu na wala sijamwomba. Ndugu zangu, nishaurini leo hii, si kesho: kwenye siagi niandike nini?