Kiti cha Nairobi

Nikisikia harufu ya sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, zikikaangwa, narudi moja kwa moja kwenye mlango wa jiko letu, Bukavu. Ndio uliokuwa ubao wetu. Shule zilikuwa zimefungwa kwa vita, na Papa, karani wa parokia, hakuvumilia kutuona tumekaa bure. Alichora mstari wa chaki katikati ya mlango. Kushoto aliandika vivumishi vya Kiingereza vinavyofuatwa na "to", kama "happy" na "ready". Kulia vile vinavyotaka "-ing", kama "busy" na "worth". Kanuni hakuwa nayo. Alisema tu, "Mushike mu kichwa, basi."

Shangazi yetu aliyekaa Nairobi alikubali kumpokea mtoto mmoja asome huko. Papa akatangaza kwamba atakayetaja safu zote mbili bila kukosea ndiye atakayepanda ndege kwenye uwanja wa Kavumu. Nilikuwa na miaka kumi, na kichwa changu kilinasa kila kitu. Yaya Furaha, dada yangu wa miaka kumi na mitano, alichanganya kushoto na kulia hadi Maman akacheka na kuunguza samaki. Siku hizo hata kuchota maji alikatazwa. Bidoni lake nililibeba mimi, nikinung'unika kwamba anadekezwa.

Jumapili moja baada ya misa nilizitaja safu zote. Papa alinipa mkono kama mtu mzima. Wiki ile niliwaaga marafiki zangu wote, wengine mara mbili.

Siku ya safari Papa alifungua begi langu, akatoa nguo zangu, akaweka za yaya.

"Papa, ni mimi nilishinda," nilisema.

"Wewe uko mutoto bado. Utangoya," alijibu bila kunitazama.

Nilifuta mlango wote kwa kitambaa cha vyombo. Niwaambieni ukweli, nilimchukia Papa miaka mingi. Barua tatu za yaya sikuzijibu.

Yaya aliporudi, Papa alikuwa ameshafariki. Tulikuwa tunakaanga sambaza, akanieleza kwa nini alikatazwa kwenda bombani. Askari mmoja alikuwa akimngoja pale kila siku. Mwishowe, wiki ile niliyokuwa naaga marafiki, alikuja hadi nyumbani, akamwambia Papa kwamba atarudi kumchukua yaya.

"Haukuyua?" aliniuliza.

Sikujua. Papa alifanya sawa, hilo nakubali, lakini bado naumia kwamba hakuniambia. Angeniambia, kile kiti cha ndege ningempa yaya mimi mwenyewe, na barua zake ningezijibu.