Nilipokuwa Mdomo wa Meneja

Siku yangu ya kwanza kazini niliketi juu ya turubai pamoja na wanawake wengine, miguu tumeinyoosha, tukichagua maharagwe. Mazima huku, yaliyobunguliwa kule. Ghala lilikuwa kando ya reli, hapa Nakuru, na vumbi lake liliingia hadi kwenye meno. Kabla ya saa sita Meneja akapita, akatazama rundo la maharagwe mabovu, akafoka, "Mbaya tupa hapana!"

Wengine wakatupa, wengine wakaacha. Mnyapara, mzee mmoja mpole, alirudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba tulikuwa viziwi. Mimi nilikulia Bondeni, mtaa wa hapa mjini, na mama alifulia wazungu nguo, kwa hiyo nilikizoea Kisetla, kile Kiswahili cha walowezi kinachokatwakatwa kama kuni. Nikawaambia wenzangu, "Hataki yatupwe. Ni chakula cha nguruwe."

Meneja akasimama. "Veve najua sema?"

Juma lililofuata niliondolewa kwenye turubai. Kazi yangu ikawa kusimama kando yake kila asubuhi baada ya king'ora, kabla watu hawajashika kazi, niwaeleze analotaka. Wenzangu waliniita Mdomo wa Meneja.

Miaka ile ya ukoloni ilikuwa ya wasiwasi. Mtu alikuwa kazini Jumatatu, Jumanne hayupo, na ukiuliza aliko unaangaliwa vibaya. Uvumi ulizunguka ghalani: ghala litafungwa, watu wa kijiji cha Bahati hawatapewa tena pasi za kuingia mjini. Watu walinitazama usoni kabla sijafungua kinywa. Nami nikajifunza kupunguza ukali. Meneja akiniambia wao ni wavivu kama punda, nilisema, "Meneja anaomba tuongeze bidii." Kazi ikaenda kwa utulivu. Yeye alifurahi, wao walifurahi, nami nikajiona fundi.

Kisha mashine ya kuchagua nafaka ikashushwa kutoka kwenye behewa. Asubuhi hiyo Meneja alisoma majina ya wanawake kumi na wawili, akaniambia kwa sauti ya chini, "Hawa kwisha kazi. Hapana rudi."

Mbele yangu alisimama Tabitha, mjane kutoka Bahati, mtoto mgongoni. Ndiye aliyenionyesha siku ya kwanza jinsi ya kufunga leso puani. Nilimtazama, ulimi ukakataa.

"Mtapumzika kidogo," nikasema. "Mpaka mashine izoeleke."

Waliondoka bila kelele. Meneja akaniambia, "Mzuri sana."

Kesho yake walikuwa getini wakingoja kuitwa. Siku iliyofuata pia. Nilianza kupitia mlango wa nyuma, ule wa magunia. Baada ya wiki tatu Tabitha alinifuata nyumbani. Hakukubali kukaa.

"Kuna mzungu wa Subukia alikuwa anatafuta mtu wa kukamua ng'ombe," alisema. "Kazi na nyumba. Nikamwambia sitaki, ghalani tutaitwa tena. Jana nimesikia amepata mwingine. Sasa niambie ukweli. Ile ya kupumzika aliisema yeye, ama ni wewe?"

"Ni mimi."

"Yeye alisema nini?"

"Alisema msirudi."

Akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Ungeniambia siku ile, ningelia siku hiyo moja, halafu ningeenda Subukia."

Nilimwomba msamaha. Akasema amesikia, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda getini nikawaambia waliobaki ukweli wote. Mmoja alinitemea mate miguuni. Kisha nikaingia ofisini kwa Meneja, nikamwambia kuanzia leo nitasema analosema, lote, na watu wataruhusiwa kuuliza. Alicheka. Lakini mchana alipopita kati ya turubai akawaita tena wavivu kama punda, niliwageukia nikasema, "Anasema nyinyi ni wavivu kama punda."

Mikono yote ikasimama. Tukasikia njiwa kwenye mabati.

"Veve nasema nini?" Meneja akaniuliza.

"Ulilosema, Bwana."

Nilingoja kufukuzwa. Alitazama turubai zile, mikono ile isiyosonga, uso ukamwiva. Tangu siku hiyo aliniita ofisini kwanza, tukapanga maneno: jambo gani, kwa nini, lini, na kama mtu atarudi au hatarudi. Hakuwa mwema zaidi. Alikuwa mwangalifu tu, na mameneja waliomfuata wakaurithi utaratibu huo. Niliusimamia mpaka nilipostaafu.

Vijana wa maofisini huniuliza siri ya kuzungumza na wafanyakazi. Nawaambia habari mbaya haiozi ukiifunika, inaozesha walioisubiri. Wao huandika. Mimi natamani waondoke nikatembee, maana kukaa sijui.

Siku za soko mimi huenda Bahati. Tabitha aliuza viazi pale hadi uzeeni. Alinisalimu vizuri kila mara, akaniuliza hali ya watoto, akanipimia debe lililojaa sawasawa. Wateja wengine wote aliwatupia viazi viwili vitatu vya nyongeza. Mimi hakunitupia hata kimoja, na sikuwahi kuomba.