Kulisha kwa Kiganja

Mbwa wetu alizaa watoto watano wakati wa likizo ya Aprili, mvua ikiwa imeshika Kitale kwa siku tatu mfululizo. Watatu walifika kwenye chuchu wenyewe, wakasukumana kama watu wa foleni ya mbolea. Wawili walibaki pembeni. Nikiwaweka kwenye chuchu, midomo ilifunguka lakini haikushika, na miguu yao ilikuwa baridi kama viazi vilivyochimbwa alfajiri.

Mume wangu alisema niwaache. Mama yao mwenyewe amewasukuma kando, na yeye ndiye anayejua. Kwetu mbwa ni mlinzi wa mahindi, si mtoto wa nyumbani. Lakini huyu alikuwa amezeeka, uzao huu ulikuwa wake wa mwisho, na mimi nimefundisha darasa la kwanza miaka ishirini na sita. Sijazoea kumwacha aliyebaki nyuma. Nilitaka wote watano waishi. Nilimwambia hivyo kwa sauti ninayoitumia kwa wanafunzi wangu, naye akachukua kofia yake akaenda kuangalia ng'ombe.

Mwalimu ana ugonjwa mmoja: haulizi. Nilipasha moto maziwa ya ng'ombe, nikakaa kwenye kigoda jikoni, nikamchukua yule mdogo zaidi, wa kike, nikamlaza chali mapajani. Kisha nikafanya kile mkono wangu ulichokijua. Nyumbani kwetu Bokoli, upande wa Bungoma, mtoto hakulishwa kwa kijiko. Alilazwa mapajani, kiganja kikakunjwa mdomoni pake kama kata, uji wa wimbi ukamiminwa humo, na mtoto akameza apende asipende. Akilia ndiyo vizuri, mdomo si umefunguka. Wakubwa walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na hakuna aliyechelea. Hivyo ndivyo nilivyolishwa, na hivyo ndivyo mama alivyonifundisha kuwalisha wadogo zangu.

Nilimmiminia maziwa. Akameza, akameza tena. Mengine kidogo yalitokea puani, nikayapangusa kwa ncha ya leso, nikampigapiga mgongoni. Mwenzake alikikataa kiganja, nikawa namdondoshea matone kwa kitambaa kilicholowa maziwa. Nilijisifu sana. Hata mume wangu nilimwita aje ajionee.

Kesho yake alikuwa akipumua kwa sauti ya majimaji. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta amekufa ndani ya sweta niliyomfunikia. Nilimzika nyuma ya banda la kuku, nikamtia mwenzake kwenye kikapu, nikaenda mjini kutafuta dawa.

Mwenye agroveti niliyoingia, duka la dawa na vyakula vya mifugo, ni mwanamke wa Bungoma kama mimi, na ananijua kwa sababu nilimfundisha mwanawe. Hakutafuta dawa yoyote. Alimshika mguu yule mtoto wa mbwa, akaniuliza ni nani aliyeniambia nimlishe mnyama akiwa baridi, maana tumbo la baridi halisagi kitu. Kisha akauliza yule aliyekufa nilikuwa nimemshika vipi. Nikamwonyesha kwa mikono, palepale kaunta.

"Mwarimu," akasema kwa lafudhi ya kwetu, l ikigeuka r, "mbwa harazwi chari. Hiyo maziwa iriingia kwa mapafu. Ndio maana ikatoka kwa mapua."

Sijui kwa nini nilimuuliza kama mtoto wa mtu naye huwa hivyo.

"Hata mtoto. Akiwa anaria na wewe unamwaga, si inaenda tu huko. Siku mbiri tatu wanakuambia ni nimonia."

Alinipa sirinji ndogo isiyo na sindano, akanieleza namna ya kuitumia, nami nikaitikia kila neno. Nilipotoka nje nilikaa kwenye magunia ya chakula cha kuku mbele ya duka, kikapu mapajani, watu wakinipita.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikwenda kupalilia shamba la jirani, akaniachia mdogo wangu wa kiume, ambaye hata kukaa alikuwa hajaweza vizuri. Alilia, nikamlisha kwa kiganja, hodari kwelikweli. Uji ulitokea puani, nikaupangusa. Siku mbili baadaye mwili wake ulikuwa moto. Alipelekwa hospitalini, wakasema nimonia, na akarudi nyumbani amefunikwa.

Wakubwa walitaka kujua hiyo nimonia imetoka wapi. Mama alisema mwenyewe, mbele yao wote, kwamba Jumapili mtoto alinyeshewa na mvua alipotoka naye kanisani. Nyanya yetu alimlaumu kwa hilo mpaka alipoingia kaburini; mjukuu yeyote akikohoa, mama alitupiwa neno. Mimi nami nilimlaumu. Nilipokuwa msichana mkubwa, siku moja tukigombana juu ya jambo jingine kabisa, nilimwambia kwamba yeye hana la kunifunza kuhusu watoto, kwani wake alimuua kwa mvua. Ninaona aibu kuliandika hilo, lakini nililisema.

Kwa miaka zaidi ya arobaini sikuwahi kuuweka ule uji karibu na ile nimonia. Au pengine niliviweka mbalimbali makusudi. Sina hakika.

Yule mtoto wa mbwa aliyebaki nilimlea kwa hofu. Kwanza chupa ya maji moto iliyozungushiwa sweta, mpaka tumbo lake liwe na joto mkononi mwangu. Kisha maziwa ya mbuzi yaliyokorogwa na kiini cha yai. Nilimweka kifudifudi juu ya taulo, kichwa kikiwa sawa na mwili, nikadondosha tone moja pembeni mwa ulimi, nikangoja koo lisogee, ndipo tone jingine. Akimaliza nilimsugua chini ya tumbo kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu ili akojoe, kwa kuwa mama yake hakuwa akimlamba. Kila baada ya saa mbili ilikuwa hivyo. Mkono wangu ulitetemeka kiasi kwamba mara nyingine mume wangu, yuleyule aliyesema niwaache, aliichukua sirinji akamlisha yeye bila kuniuliza nina nini. Siku ya sita mtoto aliinyonya ncha ya sirinji mwenyewe. Siku ya nane nilimweka kwenye chuchu, akashika. Nilidhani ningefurahi zaidi ya nilivyofurahi. Nilijua sasa sina kisingizio cha kutokwenda Bokoli.

Mama amepita miaka themanini. Nilimkuta uani akichambua maharagwe kwenye ungo, nikakaa chini kando yake nikaanza kuchambua naye. Nilimsimulia habari za mbwa kwanza. Nilipofika kwenye maziwa ya puani, vidole vyake vilisimama. Nikamuuliza kama ni mimi niliyemuua mtoto wake.

Hakuniambia hapana. Alisema kwamba jioni ile alipotoka kupalilia aliona uji umekauka kwenye tundu za pua, akaweka sikio kifuani, akajua. Hospitali ilikuja kuupa ugonjwa jina tu.

Nikamuuliza juu ya mvua.

"Jumapiri hiyo haikunyesha," akasema.

Nilishindwa kumtazama. Nilimuuliza ilikuwaje basi akakubali kusemwa na nyanya miaka yote ile, na mimi nikamsema pia, naye kimya. Aliuweka ungo chini.

"Huo mkono ni mimi nirikufundisha. Na ningekuambia ukiwa na miaka tisa, mama, ungerisha mtoto gani tena?"

Nimezaa watoto wanne. Wote niliwalisha mimi mwenyewe, kwa kijiko kama kliniki ilivyotuelekeza, na mkono wangu haukuwahi kutetemeka hata siku moja. Siku zote nilidhani huo ni uhodari wangu. Nilianza kulia, na mama akausogeza ungo karibu nami, akaendelea kuchambua.