Kola za Mdogo Mtu

Tusidanganyane, Bi Mkasi alikuwa na wivu. Wala si ule wa kununa kidogo, ukalala ukausahau. Wake ulikuwa unaamka kabla yake. Na aliyekuwa akimwonea wivu ni mdogo wake wa tumbo moja, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemkalisha mbele ya cherehani mara ya kwanza.

Alimfundisha kukata, hakushika. Alimfundisha kupachika mkono wa gauni, mkono ukatazama mgongoni. Basi, kikafunguliwa kiwanda cha nguo nyuma ya reli, kwa sababu nchi moja kubwa ilikubali kupokea nguo za huku bila ushuru. Mdogo mtu akaajiriwa kushona kola za mashati. Kola tu! Miili ilishonwa meza nyingine, mikono meza nyingine tena, vifungo huko mbele. Yeye asubuhi mpaka jioni ni kola, na mwisho wa mwezi mshahara.

Kwa kola hizo akajenga nyumba, akaweka vigae, akanunua friji. Hayo yote Bi Mkasi angeyameza. Lililomkaba koo ni mama yao, ambaye alifungasha vyake akahamia kwa mdogo, eti akaangalie wajukuu. Akija kwenye duka la ushonaji la Bi Mkasi, mazungumzo ni yale yale: mwenzio kaniwekea feni, mwenzio kabadilisha mapazia. "Mungu amzidishie," Bi Mkasi anaitikia, huku mguu unakanyaga cherehani kama unakanyaga mtu.

"Shati zima hajui kulishona yule," aliwaambia wateja wake. "Muulizeni." Wateja walicheka. Wengi wao walikuwa wasichana wa kiwanda hicho hicho, waliokuja kushonesha magauni kwa mshahara wa huko huko. Hilo Bi Mkasi hakulitia akilini.

Siku redio iliposema ile nchi kubwa imerudisha ushuru, na kwamba mashati ya huku sasa yatakuwa ghali kule, wanunuzi wamehamia kwingine, Bi Mkasi alikuwa anapiga pasi. Akaongeza sauti. Moyo wake ulicheka, tena bila haya. Kiwanda kikafunga geti, na roho yake ikatulia kwa muda. Kisha wale wasichana wakaanza kuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. "Dada, tusubiri kwanza hali itengemae," walisema. Rafu ikabaki tupu.

Ikabaki kazi moja, mashati ya sare. Kitambaa kilitoka shuleni, kimepimwa cha kutosha tu, hakuna cha ziada. Mwalimu mkuu alikuwa amesema waziwazi: yakitoka mazuri, sare za shule nzima ni zake, yakiharibika, mafundi wako wengi. Bila shule hiyo, duka lilikuwa limekwisha, na Bi Mkasi alilijua hilo.

Mama akaja. "Mchukue mwenzio mshone pamoja. Yuko nyumbani anazungukazunguka tu, namwonea huruma."

Kumbe huruma ipo. Mbona yeye alipokesha na cherehani miaka yote hakuna aliyemwonea? "Aje," alisema.

Mdogo mtu akaja asubuhi, mpole, kitambaa kimekunjwa mezani. "Dada, nianzie wapi?"

"Anzia unapopajua."

Sasa, fundi yeyote anakata miili kwanza, kisha mikono, na kola anaitoa kwenye vipande vilivyobaki. Mdogo mtu hakuwahi kujua hayo. Kiwandani kola zilimfikia zimeshakatwa, zimefungwa mafungu mafungu. Akakikunjua kitambaa, akakilaza tabaka juu ya tabaka, akaweka kielelezo cha kola cha karatasi ngumu, alichokikuta mezani, katikati kabisa, pale paliponyooka vizuri, akachora kwa chaki.

Bi Mkasi alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni yake, akipindia sketi kuukuu ya jirani. Aliona. Neno "ngoja" lilimfika ulimini. Halafu akamfikiria mama akiingia jioni, akiona kwa macho yake huyo binti wa vigae na feni anavyojua kazi. Akalimeza neno. Mkasi ukapita.

Jioni mama aliingia akakuta kola zimepangwa mezani, zimenyooka, nzuri kweli. Kando yake kitambaa kilichobaki kilikuwa matundu matupu. Mdogo mtu amekishika kwa mikono miwili, anakigeuza huku na huku. "Dada," alisema taratibu, "miili tunaikata wapi?"

Bi Mkasi alikuwa ameingoja sura ya mama tangu asubuhi. Lakini mama hakumtazama mdogo. Alimgeukia yeye.

"Wewe ulikuwa wapi wakati anakata?"

Bi Mkasi akatafuta uongo, akaukosa. Kigoda kilikuwa kimegusana na meza.

"Nilikuwa hapa, mama."

Mama hakugomba. Laiti angegomba. Alikichukua kile kitambaa, akakikunja vizuri kama bado kina kazi, akakiweka juu ya cherehani. Kisha akamshika mdogo mkono. "Twende nyumbani, mwanangu."

Bi Mkasi alisimama mlangoni akawatazama mpaka wakakata kona. Sare zimekwenda, duka nalo linakwenda, na kesho mwalimu mkuu atataka majibu. Na hata hapo, kilichomuuma kuliko vyote ni kwamba mama alikuwa bado amemshika yule mkono.