Nilimpa Mheshimiwa Cheti cha Wokovu

Nilikosa. Naanza hapo hapo, maana wengi wanaoungama hupenda kuzunguka kwanza, wakamtaja shetani, wakautaja ujana, wakaitaja njaa. Mimi shetani simsingizii. Nilikuwa na akili zangu timamu, nimevaa kitenge kipya, na nilikuwa mzee wa kanisa.

Ndiyo, mzee wa kanisa! Mwanamke wa kwanza katika mtaa wetu huku mlimani, juu ya Moshi. Walinichagua kwa sababu eti nina jicho la kumtambua mnafiki. Jamani, hilo jicho!

Miaka ile vyama vingi vilikuwa ndiyo kwanza vimeingia, na kila mwenye malori mawili mjini alikuwa anasikia wito wa kuwatumikia wananchi. Huyu wangu nitamwita Mheshimiwa, maana analipenda jina hilo kuliko alilobatizwa. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini, ila kwao ni huku kwetu. Kanisani tulimwona Krismasi tu, kama wenzake wengi wanaopanda mlima Desemba kuchinja na kutuonyesha magari. Mwaka wa uchaguzi akaanza kuja kila Jumapili. Hata masika, barabara yetu inapogeuka uji, alifika! Nikasema huyu Roho amemshika.

Tena alijua kulia. Sijaona mwanaume anayelia vizuri vile. Mchungaji akitamka tu neno "neema", leso nje. Kwenye mnada baada ya ibada, pale uwanjani tunaponadi mikungu ya ndizi na mayai yaliyotolewa sadaka, alimnunua jogoo mmoja mara tatu, na kila mara alimrudisha anadiwe upya. Jogoo mwenyewe alichoka. Sisi tulipiga vigelegele.

Mimi akaniita "mama yangu wa kiroho". Alikuwa anafika nyumbani, anakaa kwenye kigoda jikoni, anainamisha kichwa nimwombee. Mume wangu akimkaribisha mbege, anasema aliyeokoka hanywi. Na aliahidi bati za kanisa, maana paa letu lilikuwa linavuja mpaka madhabahuni.

Sasa kosa lenyewe. Nilikuwa na binti wa marehemu mdogo wangu, nimwite Manka. Nilimlea tangu akiwa mdogo, akaniita mama mkubwa, na kwa kweli mama mwingine hakuwa naye. Alikuwa akiuza katika duka la huyo huyo Mheshimiwa. Mimi ndiye niliyemwombea kazi. Akarudi nyumbani na mimba, na aliyempa hakumtaja. Nilifoka sana. Lakini alipojifungua nilimpikia mtori kwa mikono yangu, kwa hiyo msiniandike shetani kabisa.

Kwa utaratibu wetu, binti akizaa nje ya ndoa anatengwa. Hashiriki Meza ya Bwana, na mtoto wake habatizwi mpaka mama arudi kundini. Kurudi kundini ni kusimama mbele ya usharika na kuungama, kisha mzee wa kanisa wa mtaa wako athibitishe kwamba toba ni ya kweli. Mzee wa mtaa wake nilikuwa mimi. Manka alilitaka hilo kuliko kitu chochote. Mtoto wa kike alikuwa na jina tayari, bado maji tu.

Wiki ile ile aliyoomba Manka, Mheshimiwa naye akaomba kurudi kundini, baada ya miaka mingi ya kupoa. Jumamosi nikamwambia Manka, tena kwa furaha, kwamba kesho atasimama pamoja na mtu mkubwa. Alikuwa anamenya ndizi. Akaweka kisu chini.

"Mama mkubwa, huyo ndiye baba wa mtoto," akasema. "Kama utamsimamia kesho, mwambie alitaje na hilo."

Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia mtu anayelia mbele za Mungu namna ile hawezi kuficha jambo kama hilo. Nikamwambia ametumwa na chama kingine! Chama kingine hata hakijui nyumba yetu iko wapi. Hakubishana nami wala hakulia, na hapo ndipo nilipomhukumu: nilijiambia mwenye kusema kweli angelia.

Jumapili wakasimama mbele, Mheshimiwa na suti yake, Manka na mtoto mgongoni. Mheshimiwa aliungama kwa ujumla, kama wakubwa wanavyoungama: mapungufu, udhaifu, mambo ya dunia. Akalia mpaka kwaya ikalia naye. Mchungaji akaniuliza kama toba ile ni ya kweli. Nikajibu kwa sauti ya kufika uwanjani kwamba toba kama ile sijaiona tangu nizaliwe. Makofi!

Ikaja zamu ya Manka. Alisema maneno machache, macho makavu, kwamba alikosa na anaomba mtoto wake abatizwe. Mheshimiwa alikuwa bado anajifuta uso. Hakumtazama yeye wala mtoto. Mchungaji akanigeukia.

"Huyu bado, mchungaji," nikasema. "Moyo wake ni mgumu."

Basi. Binti niliyemlea akarudi benchi la nyuma na mtoto asiyebatizwa, na baba wa mtoto akaenda kupokea Meza ya Bwana. Mimi ndiye niliyempisha njia.

Kabla ya Jumapili iliyofuata Manka aliondoka. Chumba alikiacha amekifagia. Majirani walipouliza, niliwaambia kwamba ukweli umemkimbiza. Loo, ulimi huu!

Mheshimiwa alishinda. Inaelekea Roho alimshika mpaka siku ya matokeo, akamwachia hapo, maana kanisani hatukumwona tena. Miezi ikapita, nikashuka mjini ofisini kwake kumkumbusha bati. Nikasema nimekuja kwa lile jambo letu. Akainuka mwenyewe, akafunga mlango.

"Mama, lile la yule binti yako na mtoto, mimi na yeye tulilimaliza," akasema. "Nilimwambia asikuambie."

Nilikuwa sijamtaja Manka hata kidogo. Na mimi, mwenye jicho la kuwatambua wanafiki, nilimkemea? Nilitoka nikaupiga mlango? Niliuliza bati.

Zilikuja, lori zima! Waumini wakaniimbia, nikapewa kuku wa shukrani, nikamla. Aibu hiyo naisema leo hadharani kwa mara ya kwanza.

Miaka ilipita ndipo nikasikia kwamba Manka yuko Rau, anashona nguo. Nilimfuata na jani la isale. Kwetu, ukimpelekea jani hilo uliyemkosea, hawezi kukunyima msamaha. Alinipokea vizuri, na hilo liliniuma kuliko matusi. Akanipangusia kiti, akaniwekea chai. Nikamweleza yote, na bati, na kuku. Nikamwomba arudi nyumbani, nami nitasimama mbele ya usharika nitangaze kosa langu, mtoto abatizwe.

Akasema mtoto alishabatizwa hapo karibu, na hakuna aliyeuliza kama mama yake amelia. Kisha akalipokea jani, akaliweka kando ya cherehani, akasema amenisamehe. Nikamshukuru Mungu. Nikadhani yamekwisha.

Mtoto akaingia, anatoka shule. Ana paji la uso la Mheshimiwa lile lile, wala halihitaji mzee wa kanisa kulithibitisha. Akamuuliza mama yake mimi ni nani. Nikakaa vizuri kwenye kiti, nikingoja kuitwa bibi.

"Ni mzee wa kanisa," Manka akasema. "Msalimie."

"Shikamoo, mzee wa kanisa."

Nikaitika marahaba. Ningesema nini kingine?

Ndugu zangu, uchaguzi mwingine uko njiani, na wagombea wameshaanza kuokoka. Wewe mzee wa kanisa, wewe katekista, wewe mama wa kwaya, ukiulizwa kama imani ya mtu ni ya kweli, sema hujui. Hujui! Siku ile ningesema hivyo tu, leo yule mtoto wa Rau angekuwa ananiita bibi.